Pumzi ya Tanuri

Mtoto azaliwapo hulia, na kwa kilio hicho huvuta hewa kwa mara ya kwanza. Tangu saa ile hewa humtumikia usiku na mchana bila ya ujira, hata akasahau kuwa ipo. Lakini mtumishi huyu mwema ana tabia moja ambayo watu wachache huiangalia: akikutana na moto hugeuka mlaji. Kuni huzila zikawa majivu. Mkaa huula ukawa gesi isiyoonekana. Na chuma, ambacho watu hukifanya mfano wa uimara, hukila vilevile mpaka kikawa magamba meusi yanayobanduka kwa ukucha. Katika kila sehemu tano za hewa, moja ni oksijeni, na hiyo moja ndiyo yenye njaa. Zile nne zilizobaki ni nitrojeni karibu zote, nayo kwa chuma ni gesi pole, haikisumbui.

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alijifunza habari hii mara mbili: mara ya kwanza katika kitabu, na mara ya pili mbele ya tanuri. Mafunzo ya kwanza aliyapata kwa siku moja na kuyajibu vema katika mtihani. Mafunzo ya pili yalimchukua miezi minne, yakamgharimu unga wa chuma, mtungi wa gesi, na sehemu ya sifa njema aliyoitumaini. Hata hivyo, ya pili ndiyo yaliyobaki naye.

Kazi aliyopewa ilikuwa kufanya bushi za chuma kwa ajili ya vinu vya kusagia nafaka. Bushi ni pete nene inayoshika mhimili unaozunguka. Ikiwa mbovu, mhimili hulika, kinu hutetemeka, na mwisho husimama. Kijana huyu alikulia mahali ambapo kinu kikisimama, wanawake hurudi nyumbani na mahindi yao kichwani kama walivyokwenda nayo, na watoto hulala wamekula kwa kuchelewa. Kwa hiyo kazi yake haikuwa ya kitabu tu. Alipokuwa akipima milimita za pete zake, machoni pake aliona foleni ya watu wenye ndoo na magunia.

Kufanya vyombo kwa unga wa chuma ni ufundi wa pekee. Mhunzi hukipiga chuma kikiwa chekundu; msubuji hukiyeyusha akakimimina katika kalibu. Afanyaye kazi kwa unga hafanyi hili wala lile. Unga mkavu hutiwa katika kalibu, ukashindiliwa kwa nguvu nyingi, nao hutoka umeshikana kwa udhaifu kama kipande cha chaki: kikianguka sakafuni huvunjika. Kisha kitu hicho kibichi hutiwa motoni. Kwa chuma, moto huo hufika digrii 1,120 za sentigredi, nacho hukaa humo yapata nusu saa. Chuma huyeyuka katika digrii 1,538. Basi humo tanurini hakuna kinachoyeyuka. Lakini atomi hupata uhuru wa kutembea. Mahali chembe mbili zinapogusana hujengeka daraja dogo, na daraja hilo hunenepa likawa shingo, hata chembe zilizokuwa elfu nyingi zikawa mwili mmoja. Baina ya chembe hubaki vinyweleo. Katika bushi vinyweleo hivi si kasoro, ni hazina. Bushi huloweshwa mafuta, nayo huyanywa. Mhimili ukizunguka na kupata joto, mafuta hutoka kulainisha. Mhimili ukipoa, bushi huyavuta tena ndani. Chombo hubeba akiba yake mwenyewe tumboni.

Lakini unga una hatari ambayo nondo haina. Chukua mche wa chuma wenye sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, ndogo kuliko kiganja cha mtoto mchanga. Ukate vipande vyenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, nawe utapata vipande 1,000,000,000. Ukizijumlisha nyuso za vipande hivyo utapata sentimita 6,000 za mraba, yaani mara elfu moja ya uso wa kwanza. Chuma ni kile kile na uzito ni ule ule, ila milango ambayo hewa yaweza kuingilia imekuwa mara elfu. Utando wa oksidi ambao juu ya nondo ungekuwa dosari tu, katika unga huwa maangamizi. Utando huo huzizuia chembe zisigusane chuma kwa chuma, na daraja halijengeki. Na tena, oksidi ya chuma huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvijaza vinyweleo na kuvinyima mafuta.

Kwa sababu hiyo tanuri la kazi hii haliachwi lipumue litakavyo. Lile la maabara lilikuwa bomba refu la udongo mgumu, lenye nafasi ya lita nne hivi, lililofungwa ncha zote mbili. Gesi iliingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Gesi yenyewe ilikuwa nitrojeni iliyochanganywa na haidrojini sehemu 5 kwa 100. Nitrojeni kazi yake ni kukalia nafasi, kama mtu mwema aketiye katika kiti ili mkorofi asikikalie. Haidrojini kazi yake ni kwenda mbele zaidi: ikikuta oksijeni huishika na kugeuka nayo mvuke wa maji, na ikikuta oksidi kongwe juu ya chembe huinyang'anya oksijeni yake, ikaacha chuma kitupu. Mchanganyiko wenye haidrojini kidogo kiasi hicho hauwaki hewani, na ndiyo maana waliachiwa wanafunzi. Haidrojini tupu si ya kuchezewa, kwa sababu ikiwa hewani kwa kiasi cha sehemu 4 hata 75 kwa 100, cheche moja yatosha kuilipua nyumba.

Kijana alikuwa mwangalifu. Kabla ya kuwasha moto aliipitisha gesi baridi ili kuifukuza hewa. Alijua kwa hesabu kwamba hewa haitoki yote kwa mara moja, maana gesi mpya huchanganyika na ile ya zamani na kutoka pamoja nayo. Ikipita gesi ya kutosha kulijaza bomba mara tano, bado hubaki sehemu 7 za hewa katika 1,000. Ikipita mara kumi, hubaki sehemu 5 katika 100,000. Basi alingoja dakika 40, lita moja kwa dakika, akitazama saa. Ndipo akawasha. Moto ulipofika kileleni hakuondoka. Kila baada ya dakika tano aliandika joto na mwendo wa gesi katika daftari lake, kama mlinzi wa usiku ahesabuye saa. Nusu saa ilipotimia alizima umeme, akashusha pumzi, akasema moyoni kwamba kazi imekwisha.

Tanuri lilipoa polepole. Ilipofika saa kumi na mbili za jioni kipimajoto kilionyesha digrii 500. Mtungi wa gesi ulikuwa karibu kumalizika, na mtungi mwingine ulikuwa na bei kubwa na safari ndefu mpaka ufike. Kijana alitazama tanuri, akatazama mtungi. Moto ulikwisha kuzimwa. Wekundu ulikwisha kutoweka. Kulikuwa na haja gani ya kuendelea kulisha gesi kitu ambacho kilikuwa kikilala? Akaifunga, akaaga, akaenda zake.

Asubuhi alifungua bomba. Bushi zilizokuwa karibu na mlango wa kutokea gesi zilikuwa nzuri ajabu: nyingine manjano kama nyasi kavu, nyingine zambarau, nyingine buluu kama shingo ya njiwa. Zile za katikati zilikuwa za kijivu kinachoelekea weusi. Mgeni angezisifu kwa uzuri wa rangi. Kijana aliziangalia akahisi ubaridi tumboni, kwa maana alijua chuma safi hakina rangi hizo.

Hapo ndipo jaribu lilipomjia, nalo halikuja na pembe wala mkia, bali lilikuja katika umbo la kipande cha msasa. Siku za kuikabidhi taarifa zilikuwa zimekaribia. Unga uliobaki haukutosha kufanya bushi nyingine ila nne. Alichukua bushi moja ya buluu, akaisugua. Kwa muda mfupi buluu iliondoka na chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Hapakuwa na jicho ambalo lingeijua siri yake. Akaichukua ya pili.

Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amekaa na matanuri yale miaka mingi kuliko umri wa kijana, aliingia na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema, na mkono wenye msasa ukashuka chini ya meza.

"Marahaba, mwanangu. Naona zinang'aa." Mzee aliishika bushi, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. "Umekwisha kuzinywesha mafuta?"

"Bado, mzee."

"Zinyweshe. Mimi macho yangu yamechoka, siyaamini tena. Mafuta hayana aibu ya mtu." Akaiweka bushi mezani akaenda zake, wala hakuuliza neno juu ya msasa.

Haijulikani kama mzee alikuwa ameona au hakuona. Kijana alikaa muda mrefu. Kisha akaipima bushi katika mizani, akailoweka katika mafuta ya moto, akaipima tena. Ilikuwa imekunywa, lakini imekunywa kidogo kuliko ilivyopasa. Akatazama uzito wa zile nyingine ambazo hazikuguswa na msasa. Bushi iliyopikwa vema hupungua uzito, kwa sababu nta iliyosaidia kushindilia unga huungua, na oksidi kongwe huondolewa na haidrojini. Hizi hazikupungua kama ilivyotazamiwa. Kitu fulani kilikuwa kimeingia ndani yake badala ya vile vilivyotoka. Mwishowe aliikata moja kwa msumeno, akailainisha na kuitazama kwa hadubini. Chuma kilikuwa cheupe na shingo zake zimejengeka vizuri. Lakini kando ya kila kinyweleo, hata ndani kabisa mahali ambapo msasa usingefika maisha yake yote, kulikuwa na ukingo mwembamba wa kijivu. Uharibifu ulikuwa umeingia kwa njia zile zile ambazo mafuta yangepitia.

Mtu akishaacha kuficha kosa, kosa lenyewe huanza kumfundisha. Rangi alizozichukia kijana alizisoma sasa kama barua. Chuma kisafi kikipashwa moto hewani hupata utando mwembamba unaoonekana manjano karibu na digrii 230, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Joto likizidi, utando hunenepa, rangi hupotea, na kijivu na weusi hushika mahali pake. Basi bushi za pembeni zilikutana na hewa katika digrii mia mbili au tatu, na zile za katikati katika joto kubwa kidogo. Kama hewa ingeingia wakati wa kilele, pangekuwa na magamba mazito, na shingo baina ya chembe zisingejengeka. Hatari haikuwa kileleni. Ilikuwa katika mteremko.

Na sababu yake ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni ya haidrojini. Katika joto kubwa haidrojini huweza kukilinda chuma hata ikiwa imechanganyika na mvuke mwingi wa maji. Joto likishuka uwezo huo hupungua, na kiasi kidogo tu cha mvuke hutosha kushinda. Kwa hiyo chuma hulindwa kwa urahisi kikiwa chekundu kuliko kinapopoa, kinyume cha vile mtu angedhani. Sababu ya pili ni ya gesi zote. Gesi ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa. Gesi iliyo katika digrii 500, ikipoa mpaka digrii 27, hubakiwa na sehemu 39 tu kwa 100 za nafasi iliyokuwa nayo. Kijana alipofunga mtungi, tanuri halikulala. Lilianza kusinyaa ndani yake, na kwa kuwa hakuna gesi iliyoletwa kujaza upungufu, lilivuta hewa ya chumba kwa mlango wa nyuma. Usiku kucha, wakati mwenyewe amelala, tanuri lilikuwa likivuta pumzi.

Alipoifahamu habari hii, alimkumbuka babu yake mzaa mama, ambaye alikuwa mhunzi. Mzee yule hakujua neno oksijeni, lakini aliijua njaa ya hewa. Hakuruhusu mtoto akilaze chuma mbele ya mdomo wa mivukuto, mahali ambapo hewa ni mpya. Alikilaza juu kidogo, ndani ya mkaa mzito, mahali ambapo hewa imekwisha kushibishwa na makaa kabla haijakifikia chuma. Na alipotaka kulainisha waya wa shaba wa kusukia bangili, aliuweka katika chungu, akaufunika kwa vumbi la mkaa, akaziba kifuniko kwa udongo, kisha akautia motoni. Mjukuu alikumbuka jinsi alivyomsihi babu afungue chungu jioni ile ile ili auone waya. Babu alikataa. "Moto haujamaliza kazi yake," alisema, "mpaka uwe umekwenda zake." Wakati ule mtoto aliyachukua maneno hayo kuwa ukali wa mzee. Sasa aliona kwamba ndani yake mlikuwamo sura nzima ya kitabu ambayo alikuwa ameisoma bila ya kuifahamu.

Elimu ya namna hii ni ya zamani katika Afrika ya Mashariki. Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, chuma kiliyeyushwa kutoka katika mawe kwa karne nyingi. Kazi hiyo ilipokwisha kuachwa, wazee walioikumbuka waliijenga tena mbele ya wataalamu katika miaka ya 1970, na katika mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika habari zake katika jarida la Science. Wahunzi wale walijaza shimo la tanuri matete ya bwawani yaliyochomwa yakawa makaa, na mirija ya udongo ya kupitishia hewa waliiingiza ndani ya tanuri lenyewe. Schmidt na Avery walishika kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata joto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao katika hilo. Lakini halibishaniwi neno hili: kwamba watu wale walijua kuilisha hewa kwa mkaa ili mkaa uunyang'anye mchanga wa chuma oksijeni yake, na kukilinda chuma kilichozaliwa kisiliwe tena na hewa ile ile iliyokipa moto wake.

Mbali na huko, katika mji wa Schenectady, Marekani, William Coolidge alishindana na njaa hiyo hiyo kwa ajili ya taa. Tungsteni huyeyuka katika joto la digrii 3,422, kubwa kuliko la madini yote mengine. Hapakuwa na chungu cha kuiyeyushia wala kalibu ya kuimiminia. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni ya unga. Oksidi ya tungsteni hupashwa moto katika haidrojini ikawa unga wa tungsteni. Unga hushindiliwa ukawa kijiti. Na kijiti hupitishwa umeme ndani ya haidrojini mpaka kikakaribia kuyeyuka, chembe zake zikashikamana. Kisha hupigwa na kuvutwa kikiwa cha moto hata kikawa waya mwembamba kuliko unywele. Coolidge aliutangaza ushindi wake katika mwaka 1910, na waya wake uliangaza nyumba za dunia kwa karne moja. Nao hata ndani ya taa uliendelea kulindwa: hewa iliondolewa, na baadaye gesi pole zikawekwa mahali pake. Taa ya namna hiyo ikipata ufa, waya wake hufuka moshi mweupe na kukatika kwa muda mfupi.

Hata hivyo, hakuna mlinzi asiyedai ujira wake. Madini hayalingani katika kiu ya oksijeni. Katika mwaka 1944 Harold Ellingham alizichora kiu hizo katika mchoro mmoja, joto kwa joto, na mchoro wake hutumika mpaka leo. Shaba huiachia oksijeni upesi. Chuma huiachia kwa kuombwa. Kromi huishika kwa nguvu, na haidrojini inayoilinda hapana budi iwe kavu mno. Titani na aluminiamu huishika kama bahili ashikavyo ufunguo. Na mlinzi wa mmoja ni mwizi kwa mwingine. Mkaa hukilinda chuma, lakini hukitia kaboni na kukifanya kigumu ngozini kabla mwenyewe hajataka. Haidrojini ni rafiki ya chuma, lakini huingia ndani ya titani ikaifanya ivunjike. Na shaba iliyo na oksidi ndani yake, haidrojini huigeuza oksidi hiyo kuwa mvuke ambao hauna njia ya kutoka, nao huipasua shaba. Hata nitrojeni, gesi pole, si pole kwa titani. Kwa madini ya namna hiyo hakuna mlinzi bora kuliko utupu, yaani kutokuwapo kwa gesi yoyote. Wala oksidi yenyewe si adui kila mahali: viko vyombo vya unga wa chuma ambavyo baada ya kupikwa hutiwa katika mvuke wa maji wenye joto la digrii 500 na zaidi kwa makusudi, ili vinyweleo vizibwe na ngozi iwe ngumu. Kitu kilichoziharibu bushi za kijana ndicho kilichowafaa wengine. Tofauti ni kwamba wao walikiita, na yeye kilimjia usiku bila ya kuitwa.

Kwa unga uliobaki alifanya bushi nne. Safari hii alipozima umeme hakusema kwamba kazi imekwisha; alisema kwamba nusu ya pili imeanza. Gesi aliipunguza mwendo lakini hakuifunga. Alikaa na tanuri mpaka usiku wa manane, na fundi mzee alimletea mkate na chai ya tangawizi, wakazungumza habari za mpira na za mvua. Kipimajoto kilipoonyesha chini ya digrii 100, ndipo walipofungua. Bushi zilikuwa za kijivu cheupe, rangi isiyo na sifa yoyote, kama mgongo wa dagaa. Kijana alidhani hajapata kuona rangi nzuri kama hiyo. Zilipokwisha kunyweshwa mafuta, alifunga moja katika kiganja chake akaipasha joto kwa mwili wake, na alipofungua mkono aliona uso wake umetoka jasho jembamba la mafuta.

Lakini bushi nne hazikutosha kwa majaribio yaliyotakiwa, na mtungi ulikuwa mtupu. Kijana aliandika taarifa yake kama mambo yalivyokuwa: kwamba fungu la kwanza liliharibika, kwamba aliyeliharibu ni yeye kwa kufunga gesi kabla ya wakati, na kwamba bushi mbili katika fungu hilo alikuwa amezisugua kwa msasa. Sentensi hii ya mwisho aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Mwalimu wake aliisoma taarifa yote bila ya kusema neno, akampa alama za kupita, si alama za juu. Nafasi ya masomo ya ng'ambo aliyokuwa akiitazamia ilikwenda kwa mwenzake. Hakuna aliyemwonea, naye hakudai kwamba ameonewa. Tena katika ukurasa wa taarifa ile uliosimulia kosa lake, mwalimu alitia alama kwa wino mwekundu, akauagiza upigwe chapa na kubandikwa ukutani juu ya tanuri. Wanafunzi waliokuja baadaye walianza kazi yao kwa kuusoma.

Wanadamu wengi huharibika kwa namna ya bushi zile. Katika saa ya moto mkali kila mtu hujilinda. Mfiwa huzungukwa na jamaa siku za matanga. Mwenye hasira hushikwa mkono. Taifa lililo katika vita huwa na macho elfu. Kisha moto huzimwa, wekundu hutoweka, majirani hurudi makwao, na mwenyewe husema kwamba jambo limekwisha. Wakati huo ndipo moyo unapoanza kusinyaa, nao husinyaa ukivuta ndani chochote kilicho karibu na mlango. Uchungu uliotulizwa mchana huingia usiku kwa njia hiyo, na uongo mdogo huingia pamoja nao. Anayempenda mtu na amlinde akiwa katika moto, lakini asimwache peke yake anapopoa.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, na tanuri analolisimamia ni kubwa kuliko lile la kwanza. Wanaofanya kazi chini yake husema ana desturi moja wasiyoifahamu: umeme ukishazimwa, wakati wengine wanavaa makoti na kutafuta funguo, yeye huvuta kiti, huketi karibu na mtungi, na husikiliza.